Shahidi Asiyekonyeza

Kamera ya kwanza niliinunua Barabara ya Saba:
meza ya mbao, mwavuli uliopauka, elfu thelathini na tano.
Jina kwenye boksi lilifanana na jina kubwa la madukani,
ila herufi moja ilikuwa imehama,
kama jino lililong'oka na mwenyewe anaendelea kucheka.
"Bosi, hii inaona hadi mawazo," kijana akasema.
Nikacheka. Nikalipa.

Miezi mitatu ilikaa kwenye kioo cha Fuso
ikinikonyeza kwa kitaa chekundu,
Hombolo na zabibu, Kibaigwa na mahindi,
Manyoni na kurudi,
nami nikidhani kukonyeza ndiko kuona.

Siku pikipiki iliponivaa ubavuni pale Nala
nilishuka kifua mbele: "Ushahidi ninao!"
Trafiki akasubiri. Watu wakasogea.
Ndahani, utingo wangu, akachomeka kadi kwenye simu.
Tupu.
Tupu kama kihenge cha mwezi wa pili.
Kipande kimoja tu kilikuwemo, cha siku ileile ya kununua:
uso wa yule kijana, karibu mno, akijaribu waya,
anatabasamu.

Nililipa taa, nikalipa hospitali, nikalipa na maneno.

Safari hii sikuwa na haraka.
Nilienda duka lenye risiti, nyuma ya Jamatini,
kwa Sechelela Chibago, miwani kwenye kamba,
mama asiyekuita bosi.
Nikamhoji kama mtu anayeposa:
Huyu ni wa ukoo gani? Nani anamfahamu?
Akiugua, namrudisha kwa nani?
Oktoba, nikiegesha saa nane mchana pale Majengo,
usukani wenyewe haushikiki,
yeye hatavimba?
Akabandua kifuniko kwa ukucha.
"Huyu hana betri ya kuvimba, ana kapasita.
Yule anayemulika rangi zote, nilishaacha kumuuza.
Walinirudishia sita."
Na namba ya gari usiku, inasomeka?
Hakujibu. Alinifungulia video ya gari lake mwenyewe,
mvua ya Gairo, lori mbele, wipa zinahangaika,
nikaisoma namba herufi kwa herufi
kama mtoto wa darasa la pili.
"Na kadi usinunue mezani," akasema.
"Macho bila kumbukumbu ni ulevi."
Dhamana miaka miwili, mhuri, namba ya simu.
Niliipiga palepale. Ikaita.
Mtu akapokea.

Laki mbili na themanini.
Nyemo, mke wangu, alinyamaza jioni nzima,
hadi wakati wa kuzima taa:
"Hizo zilikuwa bati kumi."

Kisha Agosti, upepo, vumbi hadi kwenye meno,
nimevuka Buigiri, mkokoteni wa punda,
madumu yanabingirika lami yote.
Nikaruka chini. Nikaapa mbele ya kadamnasi:
"Amekata barabara ghafla!"
Nikaapa kwa Mungu, nikaapa kwa mama yangu,
na kibaya zaidi, niliamini.

Ndahani akachomeka kadi.
Picha safi, kama maji ya mtungi.
Punda alionekana tangu mbali, mbali kabisa,
masikio na yote,
akivuka polepole kama mwenye nchi yake.
Na sauti. Yangu.
Niko kwenye simu, nacheka:
"Nyemo, songa ugali wa uwele, na mlenda usisahau,
nimeshafika Ihumwa—"
halafu mbao.

Punda alikuwa mzima. Gurudumu halikuwa.
Mama mwenye maji alisimama kando
akikung'uta khanga, hasemi kitu.
Trafiki alikuwa bado njiani.
"Kaka," Ndahani akanong'ona, "tufute?"

Kuna kitufe. Kidogo, chini, upande wa kulia.

Nilikitazama muda ambao kamera inaujua kuliko mimi,
kwa kuwa ilikuwa bado inarekodi.
Nikahesabu pesa ya gurudumu, na ya madumu manne.
Nikaipangusa lenzi kwa ncha ya shati.
Simu nikampa Ndahani aishike,
tukakaa kwenye ngazi ya Fuso, tukamngoja trafiki.